Mahamri hadi Ijumaa

Jamani, hizi hoteli za ufukweni Mombasa zinanichosha. Asubuhi meza imejaa soseji, maharagwe ya kopo na mkate wa slesi uliokauka pembeni. Ukiulizia mahamri na mbaazi za nazi, mhudumu anakujibu kwa adabu zote: "Hiyo ni Ijumaa, usiku wa vyakula vya Kiswahili." Staftahi ya usiku, wapi na wapi? Na hapo nje ya geti mama anaepua mahamri yamefura vizuri, iliki inanukia hadi barabarani, kwa bei ambayo ndani humo hupati hata chupa ya maji. Ukinunua, mlinzi naye anakukagua mkoba: chakula cha nje hakiingii. Hakiingii wapi, na hapa ni Pwani?