Nundu ya kidole gumba cha mguu: kiatu au kisu?

Mwenye nundu kwenye shina la kidole gumba cha mguu hupata ushauri wa aina mbili. Wapo wanaomwambia abadili viatu na kuiacha ilivyo, na wapo wanaomhimiza apasuliwe mapema kabla vidole vingine havijaharibika. Kila upande una hoja nzito. Unapokosea, mara nyingi ni kwa sababu umeuangalia ukubwa wa nundu badala ya maumivu na kazi ya mguu.

Nundu hiyo si mfupa mpya uliochipuka. Mfupa mrefu wa unyayo unaoshikilia kidole gumba huwa umesogea kuelekea mguu wa pili, huku kidole chenyewe kikilalia kidole jirani. Kinachotokeza ni kichwa cha mfupa huo, pamoja na kifuko cha majimaji kinachovimba kikisuguliwa. Ndiyo maana kuchonga tu kilichotokeza hakudumu: mfupa unabaki umesogea vilevile. Kwenye eksirei, kidole kikiwa kimepinda zaidi ya nyuzi 15 huhesabiwa kuwa na tatizo, na zaidi ya 40 ni hali kali. Picha ipigwe mgonjwa akiwa amesimama, kwa sababu akilala, upindo huonekana mdogo kuliko ulivyo.

Wanaotetea kiatu wana ushahidi wa siku nyingi. Utafiti wa Hong Kong uliochapishwa mwaka 1958 ulikuta tatizo hili kwa asilimia 33 ya waliovaa viatu, na kwa takriban asilimia 2 tu ya waliotembea peku. Lakini kiatu si maelezo yote. Umbo la mguu hurithiwa, na wapo waliovaa mchuchumio maisha yote bila kuota chochote. Kiatu hukoleza kilichokuwepo, na pia ndicho kinacholeta maumivu mengi ya kila siku.

Tatizo ni kwamba wengi wanaosema "nimebadili viatu haikusaidia" wamebadili rangi tu. Kipimo ni rahisi. Jioni, mguu ukiwa umeshavimba kidogo, simama juu ya karatasi na uchore ukingo wa mguu kwa kalamu iliyosimama wima. Weka soli ya kiatu juu ya mchoro. Mstari ukichungulia nje upande wa nundu, kiatu hicho ni chembamba, hata kama urefu unakutosha na hata kama muuzaji anaapa kitatanuka. Kisigino kisizidi sentimita 3 au 4, maana kikipanda zaidi uzito wa mwili husukuma vidole kwenye ncha ya kiatu. Cha mitumba kikague kwa ndani: mara nyingi kimeshakunjika kwa umbo la mguu wa mtu mwingine.

Fundi viatu mzuri anaweza kulowesha ngozi mahali pa nundu, akaingiza kalibu yenye kinundu na kuiacha mpaka asubuhi. Ngozi halisi hutii, ya bandia hurudi ilivyokuwa au hupasuka. Kwa viatu vya kamba, ruka tundu lililo jirani na nundu. Pedi iwe na tundu katikati ili shinikizo liwe pembeni. Ile nene inayokaa juu ya nundu yenyewe huongeza msuguano.

Vifaa vya kufunga usiku vinavyotangazwa mitandaoni kuwa "hunyoosha kidole" vitazamwe kwa jicho kali. Vinaweza kutuliza maumivu, lakini kwa mtu mzima havirudishi mfupa mahali pake. Kile kipande cha silikoni cha kutenganisha vidole nacho kinahitaji nafasi. Ukikitia kwenye kiatu kilekile chembamba, unakibana kidole cha pili.

Upande wa kisu nao haukosi ushahidi. Jaribio la Finland lililochapishwa mwaka 2001 liligawa wagonjwa 209 katika makundi matatu: waliopasuliwa, waliopewa soli maalumu za kuweka ndani ya kiatu na waliosubiri. Baada ya miezi sita soli zilikuwa zimepunguza maumivu kuliko kusubiri. Mwaka ulipotimia, nafuu ya soli ilikuwa imefifia na waliopasuliwa walikuwa mbele. Kwa hiyo anayesema upasuaji haufai kitu anakosea.

Ila gharama yake si bili ya hospitali peke yake. Mfupa hukatwa, husogezwa na kufungwa skrubu, na huchukua wiki 6 hadi 8 kuunga. Kwa wiki hizo mtu huvaa kiatu maalumu kisichoruhusu uzito kwenda mbele ya mguu na huinua mguu kwa muda mrefu. Anayepanda daladala kila siku au kusimama dukani kutwa ajipange kabla ya kupanga tarehe. Uvimbe huendelea kwa miezi. Nundu inaweza kurudi, ganzi inaweza kubaki, na mfupa ukifupishwa kupita kiasi, uzito huhamia shina la kidole cha pili na kuanzisha maumivu mapya hapo. Sigara huchelewesha kuunga.

Kusubiri nako kuna kikomo. Kidole cha pili kikianza kupanda juu ya gumba, au kiungo kikisagika, marekebisho ya kawaida huenda yasitoshe na daktari akashauri kuunganisha mifupa ya kiungo hicho iwe kitu kimoja. Maumivu hupungua sana, lakini kidole hakikunjiki tena kwenye shina. Kwa anayesujudu mara tano kwa siku, au anayetumia choo cha kuchuchumaa, hilo ni badiliko kubwa, na aliulize kabla ya kutia saini.

Kwa maoni yetu, anayeumia ajaribu viatu vipana kweli kwa miezi mitatu hadi sita. Maumivu yakibaki hata ndani ya kiatu kipana, aende kwa daktari wa mifupa. Asiyeumia asipasuliwe kwa ajili ya sura ya mguu. Mwenye kisukari yuko kando na ratiba hii: ngozi ya nundu ikichubuka, aonwe siku hiyohiyo, na asitumie plasta za kuondoa sugu zenye asidi. Na shina la gumba likiwaka ghafla usiku, jekundu na la moto kiasi kwamba hata shuka haligusiki, huenda ni ugonjwa wa gauti (jongo), ambao una dawa zake.