Oda WhatsApp, bei Messenger, malipo SMS

Dalali wa parachichi wa Tukuyu, wilayani Rungwe, leo anahangaika na chati za kila upande. Mkulima wa Kiwira anamrushia picha za mzigo WhatsApp. Mnunuzi wa Dar es Salaam, aliyemwona Facebook, anauliza bei Messenger. Wenzake wako Telegram, na muamala ukiingia, taarifa inakuja kwa SMS. Ikizuka hoja kama walikubaliana kwa kilo au kwa kreti, kila mtu anapekua simu yake na hakuna anayekumbuka yalisemwa wapi.

Kuziweka chati zote sehemu moja ni wazo la zamani. Programu ya Pidgin ilikuwa ikikusanya huduma za kuchati za zamani, MSN, Yahoo na AIM, kwenye kompyuta. Siku hizi ipo Beeper, iliyonunuliwa na Automattic ya Marekani mwaka 2024, inayoleta WhatsApp, Telegram, Signal na Messenger kwenye orodha moja. Kwa mtu anayejibu wateja huku akisimamia upakiaji, unafuu huo ni mkubwa: anatafuta jina mara moja tu.

Mashaka yangu yako kwenye usiri. Tangu 2016 ujumbe wa WhatsApp unafungwa kwa namna ambayo aliyeutuma na aliyetumiwa tu ndio wanaousoma. Programu ya kuunganisha ikifanyia kazi kwenye seva (kompyuta ya mbali) ya mtu wa tatu, ujumbe hufunguliwa pale kabla ya kufungwa tena. Ikifanyia kazi ndani ya simu yako, hatari inapungua. (Chati za kawaida za Telegram hazifungwi namna hiyo hata hivyo, kwa hiyo huko hoja hii haina uzito.) Matoleo ya WhatsApp yasiyo rasmi kama GB WhatsApp ndiyo ya kuepukwa kabisa, maana WhatsApp huzifungia namba zinazoyatumia, na dalali akifungiwa namba katikati ya msimu, wateja wamekwenda.

Umoja wa Ulaya umekwenda njia nyingine: sheria yake ya masoko ya kidijitali inailazimisha Meta, mmiliki wa WhatsApp, kuifungua huduma hiyo ili watu wa huduma nyingine waweze kuchati na watumiaji wake. Hiyo ndiyo njia sahihi, na wafanyabiashara wa Rungwe wanaistahili pia, lakini sheria hiyo inaishia Ulaya.

Kwa sasa naona dalali aache programu zilivyo, aunganishe makubaliano. Mteja aanzie popote, ila kilo, bei na siku ya kupakia viandikwe WhatsApp Business, ambayo ni bure na ina lebo za kupanga wateja. Kweli, hapo tunazidi kuinenepesha kampuni moja, na hilo linanikera. Tena WhatsApp haimfikii mkulima mwenye kitochi. Huyo atumiwe maneno yaleyale kwa SMS, naye ajibu, kabla gari halijaanza kupakia.