Mti Wako, Kibali cha Halmashauri

Hoja ya mwenye kiwanja inaeleweka upesi: ardhi nimenunua, kodi nalipa, majani yakiziba mifereji ya paa napanda ngazi mimi. Kwa nini nikaombe ruhusa ya kukata mti wangu? Halmashauri nayo hujibu kwamba kivuli hakiishii kwenye uzio. Mti mkubwa hupoza mtaa na kupunguza maji ya mvua yanayokimbilia mtaroni, na mche wa kuziba pengo lake huchukua miongo kukua. Kila mtu akiamua kivyake, mtaa unabaki kipara bila yeyote kukusudia.

Binafsi naona hoja ya pili ina uzito zaidi. Tatizo ni kwamba kanuni nyingi zimeandikwa kana kwamba ile ya kwanza haipo.

Tuangalie kipimo cha shina. Berlin, miti mingi hulindwa mzingo wa shina ukifika sentimita 80, ukipimwa mita 1.3 kutoka ardhini. Kipimo lazima kiwepo, la sivyo afisa atafukuzana na kila kichaka. Ila kipimo hicho hicho kinamfundisha mjanja kuwahi. Anazungusha futi kamba, anasoma sentimita 76, na wiki hiyo hiyo mti uko chini, ingawa ulikuwa haujamkera kwa lolote. Kanuni ya kulinda miti mikubwa inaishia kuua ile ambayo ingekuwa mikubwa. Hili watetezi wa vibali hawapendi kulizungumzia.

Kwenye hatari ugomvi ni mkali zaidi, maana mti ulioinamia paa hausubiri kikao. Mwaka 2019 jimbo la Florida, Marekani, lilizizuia halmashauri kudai kibali, ada au miti ya kufidia pale mtaalamu wa miti anapothibitisha kwa maandishi kwamba mti ulio kwenye kiwanja cha makazi ni hatari kwa watu au mali. Neno “hatari” likazua mabishano, hadi mwaka 2022 sheria ikarekebishwa kufafanua ni hatari ya kiwango gani. Mlango wa dharura ni wa lazima, lakini mtaalamu anayelipwa na anayetaka kukata si mlinzi mzuri wa mlango huo.

Halafu kuna pesa. Huko Canton, Michigan, kampuni moja ilikata miti 159 kwenye ardhi yake bila kibali, ikadaiwa ipande miti mingine au ilipe karibu dola 48,000. Mwaka 2021 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliipa kampuni ushindi. Haikusema vibali ni haramu. Ilisema halmashauri haikuonyesha kwamba dai lake lilipimwa kulingana na athari halisi za ukataji ule. Naona ni sawa. Ada ya kukadiria juu juu ni faini iliyobadilishwa jina.

Na ombi likikataliwa, kisha tawi likavunja paa? England, kwa miti yenye amri ya hifadhi, yaani isiyoruhusiwa kukatwa bila kibali cha halmashauri, aliyenyimwa kibali anaweza kudai fidia ya hasara iliyotokana na uamuzi huo, mradi ifike pauni 500, iwe ilitabirika na dai liletwe ndani ya miezi 12. Ningependa kila halmashauri yenye kanuni hizi ibebe mzigo wa namna hiyo, pamoja na sehemu ya gharama za kupogoa miti inayokataza isikatwe.