Skrinshoti si Ushahidi Mpaka Uifanye Iwe Ushahidi

Kwenye baraza za kahawa za Ngamiani, hapa Tanga, lawama ni ileile: wazazi wakitengana, mahakama inawapendelea kina mama kwenye kesi za watoto. Haijatoka hewani. Sheria ya Ndoa ya 1971 inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni vyema akae na mama yake, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Lakini hapo tunazungumzia nani akae na mtoto. Amri ya nani akae na mtoto na nani amwone lini ikishatolewa, kisha mzazi mmoja akaikaidi, hiyo ni kesi nyingine, na nionavyo mimi wengi huko wanaangushwa na ushahidi wao wenyewe, wake kwa waume.

Kasoro huanzia kwenye amri. Amri ikisema tu kwamba baba "ataruhusiwa kumwona mtoto kwa nyakati muafaka", utathibitishaje kuwa imevunjwa? Mama atasema Jumamosi mtoto alikuwa madrasa, Jumapili ana homa, na hujui pa kumshika. Amri yenye meno inataja siku, saa na mahali: Jumamosi ya kwanza na ya tatu, saa 3 asubuhi, nyumbani kwa bibi yake Makorora, arudishwe Jumapili saa 11 jioni. Wakili asiyeomba hivyo anamwachia mteja wake kazi ya kubishana miaka. Na kwa kuwa tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama kisheria, sioni kwa nini mzazi apewe karatasi asiyoweza kuisoma mwenyewe.

Halafu simu. Mtu anakuja na skrinshoti thelathini za WhatsApp, amezikata vizuri zibaki zile anazotukanwa. Juu pameandikwa "Mama Junia", jina alilolihifadhi mwenyewe, namba haionekani. Tarehe inasema "Jana". Jana ya lini? Jibu lake mwenyewe, lile la matusi makubwa zaidi, halimo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ujumbe wa simu kuwa ushahidi, ila uzito wake unapimwa: ulitengenezwaje, ulihifadhiwaje, haujachezewa, na aliyeutuma anatambulikaje. Kwa hiyo acha mazungumzo yote kwenye simu, toa nakala nzima yenye namba na tarehe, na uape wewe mwenye simu kueleza umeitoaje. Simu usiiuze wala kuifuta mpaka kesi iishe. Mambo madogo haya, lakini ndiyo yanayomponza mtu.

Tena kumbuka anayedai ndiye anayethibitisha. Kukaidi amri kunaweza kumfikisha mtu jela kwa kudharau mahakama, na hakimu hamfungi mama wa watoto kwa sababu shemeji yako "alisikia" kwamba mtoto amefichwa Pangani. Maneno ya kusikia hayatoshi. Mlete aliyekuwapo: bodaboda aliyekupeleka mkakuta mlango una kufuli, au mjumbe uliyemwita palepale akaona kwa macho yake. Shahidi mmoja wa namna hiyo namthamini kuliko jamaa watano wanaokujua tabia.

Kuhusu wanaozuia mtoto kwa kuwa matunzo hayajaja: matunzo yana maombi yake mahakamani. Mtoto si rehani.

Linaloniudhi zaidi ni kurekodi watoto. Mzazi anamkalisha mtoto wa miaka 6 jikoni, anabonyeza simu, anauliza, "Sema ukweli mwanangu, unataka kwenda kwa baba?" Mtoto anamtazama aliyempikia, anasema hataki. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka maoni ya mtoto yazingatiwe pale anapoyatoa kwa uhuru wake, na hapo uhuru uko wapi? Mahakama inaweza kuagiza afisa ustawi wa jamii achunguze hali ya mtoto na kuandika taarifa. Ikibidi mtoto atoe ushahidi, tangu mabadiliko ya 2016 anaweza kusema bila kiapo, akiahidi kusema kweli na si uongo. Zote hizo ni njia zenye mtu wa kati, asiye na kisasi. Mimi ningekuwa hakimu, rekodi ya jikoni ningeihesabia dhidi ya aliyeileta.