Chaji kadi au kadi ya mkopo? Angalia kwanza mshahara wako unaingia lini

Mtu aliyehamia Marekani kutoka Mombasa, Tanga au Bujumbura hutambua mapema kwamba pesa taslimu hazimfikishi mbali. Mwenye nyumba anataka kuona historia yako ya mkopo kabla ya kukukabidhi funguo, wanaokodisha magari wanataka kadi, na kila aliyekutangulia ana ushauri wake. Wako wanaosema chukua kadi ya mkopo ya kawaida, na wako wanaoapia chaji kadi, zile ambazo kampuni ya American Express ilijijengea jina kwazo.

Kadi ya mkopo inakuruhusu kulipa sehemu ya bili ya mwezi na kubaki na deni, ambalo utalilipia riba. Chaji kadi inadai bili yote kila mwezi. Haitozi riba, kwa sababu hairuhusu deni livuke mwezi. Ukichelewa unapigwa faini, na ukizidi kuchelewa inafungwa.

Chaji kadi ndiyo kongwe. Diners Club ilianza New York mwaka 1950 kwa watu waliotaka kula mkahawani na kulipa baadaye kwa mkupuo. Mwaka 1958 njia zikaachana. American Express ikatoa kadi yake ya kulipa yote, na mwaka huohuo Bank of America ikawatumia watu 60,000 wa Fresno, California, kadi ambazo hawakuziomba, zenye ruhusa ya kubeba deni. Benki ilitarajia asilimia 4 ya hesabu zichelewe kulipwa. Zikafika asilimia 22. Pamoja na hasara hiyo, mtindo wa Fresno ndio ulioenea duniani na hatimaye ukaitwa Visa, maana benki iligundua kwamba mteja anayebeba deni mwaka mzima huiletea faida kubwa kuliko anayelimaliza.

Hapo ndipo watetezi wa chaji kadi wana hoja nzito, na haifai kuipuuza. Chukua deni la dola 3,000 kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka, kiwango cha kawaida kabisa Marekani siku hizi. Riba ya mwezi wa kwanza ni kama dola 60. Kadi nyingi hukokotoa malipo ya chini kabisa kuwa asilimia 1 ya deni pamoja na riba, yaani dola 90 hivi. Umetoa 90, deni limepungua 30. Tena ukishabeba deni, kwa kawaida hata unachonunua leo kinaanza kutozwa riba leo hii, bila zile siku za kusubiri bili. Sheria ya mwaka 2009 inazilazimisha benki kuonyesha kwenye kisanduku cha bili itakuchukua muda gani kumaliza deni ukilipa kiwango cha chini tu. Kisome kisanduku hicho walau mara moja. Kinatisha kwa haki. Madeni ya kadi nchini humo yalivuka dola trilioni 1 mwaka 2023.

Kwa Mwislamu jambo lina uzito zaidi. Anayeikimbia riba huona chaji kadi kama njia safi, na kwa muda mrefu alikuwa na sababu. Lakini chaji kadi ya leo si ile ya zamani. Kadi za Gold na Platinum za American Express sasa zinakuja na mpango wa kulipa kidogo kidogo kwa riba, na masharti yake yamo kwenye mkataba unaotia sahihi. Mlango uliokuwa umefungwa umefunguliwa nusu. Anayechukua kadi hiyo akiamini kwamba itamlinda dhidi ya tamaa yake, inampasa ausome mkataba kabla ya kuitegemea.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha, na kwangu ndilo kubwa, ni wakati pesa zinapoingia. Mfikirie dereva wa lori anayemiliki lori lake, kazi waliyoishika wenzetu wengi kule. Dizeli ananunua leo, matairi leo, lakini malipo ya mzigo yanaweza kuchukua siku 30, pengine 45. Chaji kadi itamdai yote kabla mteja wake hajalipa hata senti. Mtu huyu si mfujaji. Kalenda yake tu haioani na ya kadi. Muuguzi anayelipwa kila wiki mbili hana tatizo hilo, na kwake kulipa yote kila mwezi ni jambo la kawaida. Ndiyo maana sikubaliani na wanaoligeuza suala hili kuwa mtihani wa nidhamu peke yake.

Kwenye alama za mkopo, FICO, yaani kampuni inayokokotoa alama hizo, huipa hali ya madeni yako, ikiwemo sehemu ya kikomo cha kadi uliyoitumia, asilimia 30 ya hesabu. Mgeni mwenye kadi ya kikomo cha dola 500 aliyetumia 400 anaonekana amebanwa, hata kama atalipa zote. Chaji kadi haina kikomo kilichotangazwa, hivyo hesabu mpya za FICO huiacha nje ya kipimo hicho. Ni nafuu, ila kutokuwa na kikomo kilichotangazwa hakumaanishi utumie upendavyo. Kampuni inaweza kukukatalia dukani.

Halafu kuna ada ya mwaka: kwa kadi za American Express ni dola 150 kwa Green, 325 kwa Gold, na 895 kwa Platinum tangu 2025. Marupurupu yapo, mengi yakiwa marejesho madogo madogo ya teksi na mikahawa ambayo lazima uyafuatilie mwezi kwa mwezi. Ukirudi nyumbani likizo, utakuta maduka na hoteli nyingi zinapokea Visa na Mastercard kuliko American Express.

Kwa mgeni wa mwaka wa kwanza, ningechagua bila kusita kadi ya mkopo isiyo na ada, hata ile ya kuweka kwanza amana ya dola 200 benki kama dhamana, kisha aamuru benki ikate bili yote yenyewe kila mwezi, si kiwango cha chini. Sheria inampa angalau siku 21 tangu bili itoke, na akilipa yote ununuzi wake hautozwi riba. Anapata karibu kila jema la chaji kadi bila ada yake. Chaji kadi ningemwachia mwenye mapato ya uhakika, anayesafiri sana, na ambaye marupurupu yanamrudishia ada kwa vitu ambavyo angevinunua hata bila kadi. Na aliyekwisha kuwa na deni la kadi asihamie popote kwanza: kila dola ya ziada iende kwenye deni lenye riba kubwa kuliko yote.