Nimelipa, mbona bado nadaiwa?

Pale Mtongwe, Mombasa, nilikokulia, ukimaliza deni la dukani mzee analigeuza daftari likutazame wewe, anapiga mstari juu ya jina lako, kisha anauliza, "Umeona?" Ukishaona, yamekwisha. Kesho yake wakopa unga na hakuna wa kukukumbusha ya jana.

Huu ni mwaka wangu wa tisa Dallas, na huku nimejua kwamba kulipa ni jambo moja, kuonekana umelipa ni jingine. Nilipohama nyumba ya kupanga mwaka 2021 nilidaiwa dola 1,140 za zulia na rangi. Sikukubaliana na hesabu ile, nikavuta siku, deni likauzwa kwa kampuni ya kukusanya madeni. Mwishowe tukaelewana nitoe dola 700 yaishe. Nikazitoa kwa mkupuo, wakanipa barua. Miezi minane baadaye naomba nyumba nyingine, nakataliwa. Kuifungua ripoti yangu ya mikopo, ile kumbukumbu ya madeni yako ambayo wenye nyumba huitazama, nakuta salio: dola 1,140. Kama vile sikuwahi kutoa hata senti.

Niliumia sana. Mama watoto alikuwa ameshafunga masanduku.

Wengi wetu huku twachanganya mambo mawili. Deni lililomalizwa kuandikwa kwamba bado ladaiwa ni kosa, na sheria ya ripoti za mikopo ya mwaka 1970 inakupa haki ya kulipinga. Ripoti hizo hutunzwa na kampuni tatu kubwa, Equifax, Experian na TransUnion. Iandikie kila moja inayoonyesha kosa, usingoje moja ikusemee kwa nyingine. Ambatisha nakala ya barua ya maelewano na karatasi ya benki inayoonyesha pesa zilitoka lini na zilikwenda kwa nani. Kwa kawaida uchunguzi una siku 30. Usiishie kwenye simu, maana maneno ya simu hayaachi alama. Tuma kwa posta ya rejista na uweke risiti. Langu lilirekebishwa siku ya 24, salio likasoma sifuri.

Lakini jambo la pili: mstari wa deni lenyewe bado upo kwenye ripoti. Deni lililofika kwa wakusanyaji laweza kubaki kwenye ripoti miaka 7, likihesabiwa tangu ulipoanza kuchelewa, hata kama umelipa. Hilo si kosa, na barua mia hazitamlazimisha mtu kulifuta. Naomba ndugu zangu msiwape pesa wanaoahidi "kusafisha ripoti" kwa wiki mbili. Taarifa ikiwa ya kweli, wanakuuzia hewa.

Kwetu twasema dawa ya deni kulipa. Siku hizi hata huko nyumbani dawa hiyo haitoshi. Mdogo wangu alikopa kwa simu, kazi ikakatika, akawekwa CRB, yaani kwenye kumbukumbu za kampuni zinazotunza taarifa za wakopaji Kenya. Alipopata pesa alilipa yote. Bado kila anapoomba kazi anatakiwa cheti cha CRB, na anaingia ofisini akiwa na hofu kama mshtakiwa. Kenya taarifa mbaya hukaa miaka 5, ambayo masikioni ni michache kuliko 7, ila huhesabiwa tangu siku uliyomaliza kulipa. Aliyekwama 2020 akajikongoja hadi akamaliza 2024, atabebeshwa doa hilo mpaka 2029. Angekuwa huku, lingeondoka 2027.

Hapo ndipo nawapa Wamarekani haki yao. Mfumo wao umeninyima nyumba, sitausahau, lakini saa yake inakwenda hata ukiwa huna kitu mfukoni. Ya kwetu haianzi kwenda mpaka mnyonge amalize, na anayechukua muda mrefu kumaliza mara nyingi ni yule aliyeumia zaidi. Benki Kuu ya Kenya yaweza kulitazama hili upya: ihesabu tangu siku mtu alipokwama, na mkopeshaji alazimike kumpelekea mteja taarifa yake iliyorekebishwa siku ileile anapopokea shilingi ya mwisho, aione kwa macho yake, kama tulivyoonyeshwa daftari Mtongwe.