Mbili ya Tano

Kwetu Masasi ukimaliza kidato cha nne hupumziki. Risiti ya salfa wasomee wewe, makato ya korosho wahesabie wewe. Mimi hesabu nilipata F, ila bibi hakuwahi kuniuliza alama. Kalamu mfukoni ilimtosha.

Siku hiyo anauza mahindi. Gunia moja limefika nusu. La pili lina theluthi tu, fungu lake kwenye shamba walilolima watu watatu. Mnunuzi kaja na guta, bei elfu 60 kwa gunia.

"Haya, mume wangu, piga hesabu," bibi akaniambia. (Bibi zetu ndivyo wanavyotuita wajukuu.)

Nikaokota kijiti, nikaandika mchangani: 1/2 + 1/3. Juu moja na moja, mbili. Chini mbili na tatu, tano.

"Mbili ya tano ya gunia. Elfu 24!"

Mnunuzi akautazama mchanga, akanitazama na mimi. "Njomba, umesoma wewe!" Akalipa fasta, na buku ya soda akaniongezea. Tangu lini mnunuzi akasifia hesabu za upande wa muuzaji? Sikujiuliza. Soda ilikuwa ya baridi.

Nilirudi nikamkuta bibi anahesabu noti mara ya tatu.

"Nusu gunia peke yake si elfu 30?"

"Ndiyo, bibi."

"Sasa tumeongeza theluthi, ikapungua?"

Nikaanza kumweleza habari za asili na kiasi. Hakungoja. Darasani hajaingia, ila theluthi na sudusi kazisikia kwenye mirathi tangu usichana wake. Akakunja vidole: "Gunia debe sita. Nusu, debe tatu. Theluthi, debe mbili. Debe tano hizo, kila debe elfu 10."

Elfu 50! Ile KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya mbili na tatu niliyochapiwa viboko darasa la tano, kumbe ni madebe sita ya bibi. Moja lilikuwa palepale kibarazani, kuku kalalia mayai ndani yake.

Tulitoka mbio. Bahati guta lilikuwa limenasa kwenye mchanga, mnunuzi anasukuma jasho linamtoka.

"Mama, mimi nimelipa alivyosema msomi wako!"

Alizitoa elfu 26, lakini kwanza akadai buku yake. Bibi akamlipa bila kunitazama.

Jioni akapakua ugali na mchicha. Wangu ulikuwa kama ngumi ya mtoto.

"Kula, mume wangu. Nusu na theluthi hiyo."